Bibi Kiberiti wa Malisho ya Ottilie

Twila Oberhelman ana miaka sitini na tatu, na tangu akiwa na kumi na nne hajawahi kukosa kuchoma nyasi mwezi wa nne ukifika. Liweke hilo akilini kwanza. Maana kwenye kundi la mtandaoni la kaunti yao, huko Vilima vya Gumegume, Kansas, kuna watu mia tatu na ushee ambao hawajawahi kuwasha hata jiko la mkaa likawaka kwa mara ya kwanza, na wote hao mwaka huu walimbatiza jina moja: Bibi Kiberiti.

Jina lenyewe lilitoka kwa jirani yake wa kaskazini, bwana Trent Wolverton, aliyehamia kutoka mjini miaka mitatu iliyopita, akanunua ekari themanini, akajenga nyumba yenye madirisha makubwa kuliko akili, na jambo la kwanza alilofanya, kabla hata hajajua jina la mtu yeyote, ni kupanda mistari miwili ya mierezi iliyokwisha kufika kifuani kando ya uzio. Kando ya uzio wa Twila. Tena akapiga picha na koleo begani, akaposti kwamba anarudisha msitu.

Msitu upi, hakuna aliyewahi kumwambia Twila. Pale hapakuwa na msitu tangu dunia iumbwe. Palikuwa na nyasi zinazofika tumboni mwa farasi, na moto uliopita juu yake kila mwaka au kila baada ya miaka miwili, kwanza wa watu wa Kaw, wenyeji wa asili waliokuwa na ardhi ile, halafu wa wafugaji. Mierezi ilikuwa imejibanza kwenye makorongo ya mawe ambako moto haufiki, ikakaa huko kwa adabu.

Utasema mti una ubaya gani. Sote tumeimbishwa shuleni kwamba mti ni uhai, na kwingine ni kweli. Sasa njoo Vilima vya Gumegume. Mwerezi kule ni yule mgeni aliyesema anakaa siku mbili, ya tatu unamkuta ameleta godoro. Ndege anakula tunda lake, anatua kwenye waya wa uzio, ananya mbegu upande wako. Mwaka wa kwanza mche una urefu wa kidole. Mwaka wa tano uko kiunoni. Mwaka wa ishirini huoni ng'ombe, huoni kilima, na chini yake hakuna hata jani moja la nyasi. Kuku wa porini, wale wanaocheza ngoma yao alfajiri vilimani, hawasogei penye mti mrefu kwa sababu wanajua mwewe anakaa huko juu. Mche wa magotini ukipitiwa na moto, kwisha habari yake. Ukishampita mtu kichwa, utautafutia msumeno na mgongo wa kuubeba.

Na Twila mgongo wake umeshabeba vya kutosha. Ameendesha basi la shule miaka ishirini na sita. Amemzika mume wake Delbert, mwanaume mpole aliyekuwa akilala kanisani macho wazi. Kabla ya mwaka huu nyusi zake zilikuwa zimeungua mara nne, ya mwisho siku ya harusi ya mpwa wake, ndiyo maana kwenye picha zote anaonekana kama mtu aliyeshtushwa. Sikio la kushoto halisikii vizuri kwa sababu ya msumeno, maana kila msimu wa baridi yumo korongoni anakata mierezi. Mwezi wa nane yumo juani na tangi la dawa mgongoni, anafuata lespedeza shina moja baada ya jingine. Hiyo lespedeza ni magugu yaliyoletwa na wataalamu zamani kutoka Asia, wakasema yatashika udongo. Yameshika kweli. Yameshika udongo, uzio, barabara na mashamba ya watu. Ng'ombe hayali yakishakomaa, maana ni machungu kama dawa ya malaria, na mbegu yake inalala ardhini miaka ishirini inasubiri uzembe wako.

Moto, ng'ombe, msumeno, dawa. Hiyo ndiyo kazi, na hakuna kimoja kinachotosha bila kingine. Mwezi wa nne unachoma. Majani mapya yakitoka, mwezi wa tano malori yanaleta ndama wa mwaka mmoja kutoka Texas, wanakula siku tisini, wananona, wanaondoka, nyasi zinapumzika. Usipochoma mwaka mmoja, unasamehewa. Usipochoma mitano, hayo si malisho tena.

Sasa, eneo lililoleta balaa linaitwa Malisho ya Ottilie. Ottilie alikuwa bibi yake Twila, na ndiye aliyekodi ardhi ile kwanza kutoka kwa familia ya akina Fassbender, kwa kupeana mikono tu. Mikono hiyo imerithiwa. Leo mwenye ardhi ni Corliss Fassbender, mama wa miaka sabini na nane aliyekulia palepale halafu akaolewa Wichita, akawa mtu wa mjini, mtu wa kuogopa barua. Na Wolverton anajua kuandika barua. Mwaka jana alimwandikia tatu: kuhusu moshi, kuhusu wanyama wadogo, na kuhusu yeye mwenyewe kuwa tayari kuikodi ardhi hiyo na "kuiacha ipone." Ipone ugonjwa gani, hakuandika.

Mwezi wa tatu Corliss akampigia Twila. Akamwambia kwa upole, na huo upole ndio uliouma, kwamba yeye ni mzee, hataki mahakama, hataki mawakili. Mwaka huu malalamiko yakija tena hata moja, malisho anampa Wolverton.

Twila hakumjibu vibaya. Aliyejibiwa vibaya ni friji, alipokata simu.

Sasa kuna jambo moja kuhusu watu wa vilima vile. Sheria inasema kabla ya kuchoma unapiga simu kituo cha dharura, unawaambia ni wapi na saa ngapi. Sawa. Lakini wao wana sheria yao nyingine ambayo haijaandikwa popote. Asubuhi ya siku ya moto, mwenye moto anakwenda mlangoni kwa kila jirani ambaye uzio wake utaguswa. Simu haitoshi. Unakwenda mwenyewe, kofia mkononi. Jirani anatoa kahawa, mnasimama uani mnatazama bendera inapepea wapi, na kuanzia hapo jirani huyo naye yumo. Atakuja na tangi lake la maji au kipigio chake cha mpira cha kuulia moto, asimame upande wake, na siku ya moto wake na wewe utakwenda. Hakuna anayelipwa. Kuna mikate yenye nyama na kabichi ndani, wanaiita bierock, na kuna utani, basi.

Mwaka jana Twila alikwenda mlangoni kwa Wolverton hivyohivyo, kofia mkononi. Wolverton alifungua mlango simu ikiwa tayari inarekodi. Akamuuliza kama ana kibali. Akamuuliza kama amesoma popote. Akamsomea mambo ya hewa ukaa dakika kumi, akiwa amemsimamisha barazani kama mchuuzi wa mafagio, na jioni klipu ikawa mtandaoni, Twila amesimama na kofia yake anasema "sawa, bwana" mara sita. Watu wakaihesabu ile "sawa, bwana." Wakaitengenezea muziki.

Kwa hiyo mwaka huu, tarehe kumi na sita mwezi wa nne, upepo wa kusini wa wastani, hewa kavu lakini si kavu sana, siku nzuri kuliko zote za mwezi ule, Twila alipiga simu kituoni, akaenda mlangoni kwa majirani wote, na kwa Wolverton hakwenda.

Mzee Eldon Schrag alikuwa wa kwanza kufika, na pikapu yake yenye tangi na pampu. Ana miaka sabini na mbili na amemjua Twila tangu Twila anachezea matope. Akamuuliza kama amekwenda kwa Wolverton.

"Ana macho," Twila akasema. "Moshi atauona."

"Sijauliza kama ana macho, Twila."

"Eldon, leo usinianze."

Hakumwanza. Alikunja mdomo tu kama mtu aliyeona mtoto anapanda mti uliooza.

Namna wanavyochoma ni hii. Upepo unatoka kusini, basi unaanzia kaskazini, kwenye uzio, palepale penye mierezi ya Wolverton. Twila anatembea na kopo la chuma lenye mdomo mrefu, ndani yake dizeli na petroli kidogo, linadondosha moto tone kwa tone kwenye nyasi. Moto huo unalazimika kwenda kinyume cha upepo, kwa hiyo unatambaa polepole kama bibi harusi. Nyuma yake Eldon anafuata na pampu, anazima upande wa uzio. Mnasubiri. Unaachwa mkanda mweusi, upana wa hatua thelathini, usio na kitu cha kuungua. Mnafanya hivyo kaskazini na pembeni zote mbili. Mkisharidhika, ndipo mnazunguka kusini mnawasha moto mkubwa, ule wenye upepo mgongoni. Unakimbia, unapiga kelele kama treni, unafika kwenye mkanda mweusi, unakosa chakula, unakufa. Mtu asiyejua akiona hatua ya kwanza, yule bibi anayewasha moto miguuni mwa uzio wake, anadhani ndiye anayechomwa. Kumbe ndiye anayelindwa.

Wangempa kahawa angejua. Hapana, ngoja: angetoa kahawa angejua. Ukweli ni kwamba hakuna aliyempa nafasi ya kutoa kahawa, na hilo tutalifikia.

Waliwasha mkanda wa kaskazini wote, wakauacha utambae. Ukapendeza. Wakahamia pembeni. Eldon akaenda kujaza tangi mtoni. Na huku nyuma, bwana Wolverton akatoka na bomba lake la kumwagilia bustani, refu kutoka nyumbani mpaka kwenye uzio, akasimama kati ya mierezi yake, akazima.

Alizima mkanda wake mwenyewe. Hatua sitini nzima, moto mdogo uliokuwa unatambaa ukimwondoka, yeye akaufuata na maji mpaka ukalala. Pakabaki nyasi kavu za njano, zimesimama vizuri, katikati ya weusi wa kulia na weusi wa kushoto, kama mlango ulioachwa wazi.

Haishii hapo. Baada ya kuufungua huo mlango alipiga simu ya dharura kuita zimamoto. Na zimamoto wa pale ni wa kujitolea, watu saba. Na watu saba hao, siku ile saa ile, wote walikuwa kwenye Malisho ya Ottilie wameshika vipigio. Vifaa vya wito vikalia viunoni mwao kwa pamoja kama kwaya. Mkuu wao ni Keri, binti yake Eldon, mwalimu wa hesabu wa shule ya kati, dada mmoja mtulivu ambaye wanafunzi humwogopa kwa sababu hapandishi sauti. Akajibu redioni kwamba wameupokea wito, na wameshafika, na wana bierock. Watu wakacheka mpaka wakashika magoti.

Walicheka, na kwa sababu walikuwa wanacheka hakuna aliyekwenda kutembea tena mkanda wa kaskazini. Twila ndiye wa kwenda. Mwenye moto hutembea mkanda mara ya pili kabla ya kuwasha mkubwa, baba yake alimfundisha hivyo kwa ukali. Lakini mkanda ule ulipita mbele ya madirisha ya Wolverton, na Twila hakutaka kupita mbele ya simu ya yule mtu. Akatazama kwa mbali, akaona weusi, akaona moshi, akasema panatosha. Wakazunguka kusini. Akawasha.

Eldon ndiye aliyeona, akirudi kutoka mtoni, juu ya kilima, na tangi lililojaa. Akasema redioni, bila haraka, kwa sababu mambo mabaya sana watu wa kule huyasema bila haraka, kwamba kuna njano kaskazini.

Mwerezi una mafuta ndani. Ukishika moto haupigi moshi kwanza kama miti mingine. Unalipuka, na cheche zake zinaruka. Nyuma ya mierezi ya Wolverton kulikuwa na nyumba. Moto mkubwa ulikuwa umebakiza dakika tano, labda sita.

Twila akarukia pikipiki ya magurudumu manne, akapita pembeni juu ya majivu, kopo la moto likigongagonga ubavuni. Kichwani mwake hakukuwa na huruma, tusidanganyane. Kulikuwa na matusi, mengine ya Kijerumani ya bibi yake. Alikuwa anaona malisho yanaondoka. Si mierezi, si nyumba. Aliona saini ya Corliss. Akafika kwenye lile pengo, akashuka, akaanza kuwasha nyasi futi sita kutoka kwenye viatu vya Wolverton.

Wolverton alikuwa na bomba mkono mmoja na simu mkono mwingine.

"Mama, ondoka kwenye mali yangu."

"Niko kwangu. Weka bomba chini urudi nyuma, baba."

"Nakurekodi."

"Rekodi huku unarudi nyuma."

Hakurudi. Alirusha maji, yakampata Twila shingoni, yakazima kipande. Twila akawasha tena palepale. Akazimiwa. Akawasha. Watu wazima wawili, mmoja anafungua, mmoja anafunga, na nyuma yao ukuta wa moto unakuja juu ya kilima. Kilichomshinda Wolverton si hoja. Ni ile sauti. Aliinua macho, akauona, bomba likamtoka mkononi, akakimbia kuelekea nyumbani akiwa bado anarekodi.

Moto mkubwa ukikaribia huvuta hewa kuja kwake, na ule mdogo husahau upepo na kuufuata mkubwa. Twila alimaliza hatua sitini huku ndimi zikiinama kuelekea kusini, mbali na uzio, jinsi alivyotaka. Mioto miwili ikakutana, ikasimama juu kama ghorofa tatu, halafu ghafla hakuna kitu. Majivu tu yanayopepea. Eldon akafika akalowesha uzio wote. Joto lilikuwa limebabua mierezi mitatu ya mbele, ikageuka rangi ya kahawia upande mmoja. Nyumba haikuguswa hata dirisha.

Twila aliketi chini kwenye majivu. Nyusi zilikuwa zimekwenda, mara ya tano.

Klipu ilitoka kabla hajafika nyumbani kuoga. Sekunde ishirini na mbili. Inaanza Twila anashuka na kopo, inaishia Wolverton anapogeuka kukimbia, na pale maji yanaporushwa pamekatwa. Kabla hapo hakuna, baada ya hapo hakuna. Maandishi: Bibi Kiberiti amejaribu kuniteketeza nikiwa hai.

Komenti sasa. Mtu wa Chicago aliyepita Kansas mara moja, kwa ndege, alieleza namna upepo wa Kansas unavyofanya kazi. Mwenye picha ya paka alisema moto huwashwa kufuata upepo, kila mtu anajua. Mwingine alitaka Twila apimwe akili. Mwingine alitaka anyang'anywe leseni, asijue leseni gani, labda ya basi. Mmoja aliuliza kwa nini wasitumie mbuzi, na Keri alivyomsomea hiyo, Twila akasema huyo ana akili, mbuzi wanaila lespedeza vizuri, aliwahi kufuga sitini, tatizo walikula na viti vya basi la shule. Hiyo ndiyo komenti pekee kati ya mia tatu iliyoandikwa na mtu anayefaa kuongea na mtu.

Wenye hasira hasa walikuwa majirani. Eldon alikuwa na picha. Kwenye dashibodi ya pikapu ana kamera, na kutoka juu ya kilima, akienda mtoni na akirudi, ilikuwa imepata kila kitu: mkanda ulioshika moto mzima, Wolverton na bomba, nyasi za njano zinazobaki. Keri alikuwa ameshaandaa posti, bila kupandisha sauti, na ilikuwa posti ya kumzika mtu. Alitaka neno moja tu la shangazi Twila abonyeze.

Lakini Corliss alipiga kwanza. Alikuwa ameiona klipu. Alisema hataki kujua nani kafanya nini. Twila aombe msamaha, palepale mtandaoni ambapo watu wote wanaona, kabla ya Jumapili kuisha, na asianzishe ugomvi mwingine. Akileta ugomvi, ndiyo hayohayo malalamiko. Jumatatu atatia saini, ama na huyu ama na yule.

Fikiria hilo vizuri. Mtu amekufungulia mlango wa kifo chake mwenyewe, umeufunga kwa mikono yako, amekumwagia maji, amekutukana mbele ya kaunti nzima, na ushahidi unao mfukoni. Halafu wewe ndiwe wa kuomba radhi, na ushahidi usiutoe.

Twila alikwenda jikoni kwa akina Schrag Jumapili baada ya kanisa, akaketi na kofia kichwani, jambo ambalo halifanyi ndani ya nyumba. Eldon alimwambia asiandike kitu. Malisho ni malisho, akasema, lakini kuna kiwango cha kudhalilika. Wao wote watasimama naye, watamwandikia Corliss, watapanda magari waende Wichita. Keri alisema hiyo posti iko tayari, kidole kiko hewani.

Twila akakisogeza kikombe cha kahawa pembeni.

"Sikwenda mlangoni kwake," akasema.

"Angekurekodi tena," Keri akamwambia.

"Angenirekodi. Halafu angejua mkanda ni wa nini. Na mkanda sikuutembea mara ya pili. Nilimkwepa yule mtu kama mtoto anayekwepa deni la pipi, na nikawasha moto mkubwa nyuma ya nyumba yake bila kuangalia. Hayo mawili ni yangu." Akaivua kofia. "Mengine yote ni yake, na Mungu anajua, na kamera ya baba yako inajua. Andika."

Keri akaandika, na huu ndio msamaha wenyewe, bila kupunguza:

"Mimi ni Twila Oberhelman. Tarehe kumi na sita nilichoma Malisho ya Ottilie. Asubuhi yake nilikwenda kwa majirani wote, kwa bwana Trent Wolverton sikwenda. Na kabla ya kuwasha upande wa kusini sikuutembea mkanda wa kaskazini mara ya pili. Hayo ni makosa na naomba radhi. Sikuwahi kuyafanya kabla, sitayafanya tena."

Basi. Hakuna bomba, hakuna maji ya shingoni, hakuna nyusi. Eldon aliisoma akasema imekaa kama samaki asiye na chumvi. Twila akasema ndiyo, kwa sababu chumvi wamemkataza.

Wolverton alijibu baada ya dakika nane. Aliweka moyo mwekundu, halafu akaandika kwamba anamsamehe, na kwamba anatumaini mama huyu ataendelea na safari yake ya kujifunza. Watu themanini wakalaiki. Keri alilazimika kwenda nje kuzunguka ghala mara mbili. Twila alisomewa, akasomewa tena, akauliza "safari yake ya kujifunza" maana yake nini, na alipoambiwa alicheka kicheko kifupi ambacho Eldon amekisikia mara moja tu maishani, siku fahali alipokalia gari la mchungaji.

Jumatatu saa mbili asubuhi Corliss akapiga. Hakusalimia.

"Hukwenda mlangoni kwake?"

"Sikwenda, dada."

Mtu anaweza kuishi Wichita miaka hamsini, lakini kama alikulia kwenye vilima vile, kuna maneno yanayomfikia mahali. Corliss alisema baba yake angemchapa Twila kwa hilo. Twila akakubali kwamba angemchapa. Halafu Corliss akauliza mbona kwenye ile klipu nyasi za pale zilikuwa zinang'aa maji, na kwa nini kulia na kushoto pameshaungua ila hapo katikati. Aliuliza taratibu, kama mtu anayevuta uzi kwenye shuka.

"Umeniambia niombe msamaha," Twila akasema. "Hukuniambia nisimulie."

"Ndiyo. Sasa nakuambia simulia."

Akasimulia. Hakuongeza kitu. Alipofika kwenye lile bomba, Corliss alitoa neno moja la Kijerumani ambalo halifai kwa mama wa miaka sabini na nane. Halafu akamwambia alete ng'ombe wake.

Na hadharani? Hadharani hakuna kilichobadilika. Corliss hataki ugomvi, kwa hiyo hakuna aliyeposti picha ya Eldon. Klipu bado iko pale, muziki umeongezwa, na kila wiki mtu mpya anaikuta na kumfundisha Twila kazi yake. Wolverton ameifunga mierezi yake mitatu utepe wa njano na kuweka kibao kinachosema imenusurika. Imenusurika nini, na nani aliyeinusuru, kibao hakisemi. Twila anapita pale kila siku kukagua uzio, na hasira haijaisha, wala hajifanyi kwamba imeisha. Mwezi wa nne mwakani atabisha mlango ule kofia mkononi, arekodiwe, na ameshamwambia Eldon kwamba hiyo ndiyo adhabu yake na ataitumikia, ila asitegemewe kutabasamu.

Malori yalifika tarehe tatu mwezi wa tano. Nyasi zilikuwa zimefika kifundoni, kijani kile ambacho ukikitazama sana macho yanauma. Ndama wakashuka, wakasimama kidogo kushangaa, halafu wote mia moja na kitu wakateremka moja kwa moja mpaka kwenye uzio wa kaskazini, ambako majani yalikuwa matamu zaidi. Wakainamisha vichwa, wakawageuzia madirisha ya bwana Wolverton makalio, wakainua mikia.